Kiraka cha Dada

Chraaa!

Hiyo ndiyo sauti inayomjia kwanza akifumba macho: shuka kuukuu likipasuliwa kwa mkupuo mmoja, kutoka upindo wa juu hadi wa chini. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, siku yake ya kwanza katika chumba cha viraka cha hospitali kubwa, na aliyepasua alikuwa msimamizi, mwanamke wa mabega mapana ambaye hata ukimtekenya hacheki. Msichana alishtuka. Ameitwa aje kushona, kumbe humu watu wanachana!

“Usinitolee macho,” msimamizi alimwambia. “Shuka huchakaa katikati, pale mtu anapolaza mgongo. Kingo zake huwa bado nzima. Basi unalipasua hapo palipochoka, unaligeuza, kingo zinakuja kati unaziunga, na pale pachakavu panakwenda pembeni, panachomekwa chini ya godoro. Nani atapaona?”

Nani atapaona. Kwa miaka thelathini na mbili tangu siku hiyo amekuwa akihamisha uchakavu kutoka kati kwenda pembeni, na maneno hayo hayajamtoka.

Wenzake walimwita Subana, kwa sababu ile kofia ndogo ya chuma inayokinga kidole dhidi ya sindano hakuivua kamwe. Alikula nayo, akaandika nayo, na ukimpa mkono ulisalimiana kwanza na chuma, ndipo ukamfikia mwenyewe.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu kama behewa, na madirisha yake manne yalitazama kamba za kuanikia. Mashuka mia mbili, mia tatu, yalipumua huko nje kutwa nzima, na mwanga uliopita katikati yao uliingia ndani umeshakuwa laini, kana kwamba nao umefuliwa. Mvuke wa pasi kubwa ulielea chini ya dari. Ukikaa humo muda mrefu ulianza kuhisi kwamba uko ndani ya kichwa cha mtu anayeota, na ukajizuia kukohoa usije ukamwamsha.

Saa nne asubuhi mtambo wa mvuke ulizimwa kwa nusu saa ili ujazwe maji. Pasi zilinyamaza, cherehani zikanyamaza, vikombe vya chai vikatoka mafichoni. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya daftari.

Daftari lilianza kwa mzaha. Siku moja Mpiga Pasi, mwanamke ambaye sauti yake ingeweza kumwita mtu ng'ambo ya mto, alichungulia begani kwa Subana akamkuta anaandika nyuma ya fomu kuukuu za kupokelea nguo.

“Barua ndefu hivi unamwandikia nani, wifi? Kaka yangu mimi hajui kusoma!”

Wakamnyang'anya karatasi wapate kumcheka. Baada ya ukurasa wa kwanza hakuna aliyecheka, na baada ya wa tatu kila mmoja alikuwa ametafuta pa kukaa. Ilikuwa hadithi ya malkia wa nchi ya chumvi na mbwa wake mweupe, na katika ukurasa wa sita mbwa alizama mtoni. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlima wa foronya, sauti ya msimamizi mwenyewe, ambaye wote walidhani anahesabu.

“Mbwa huyo arudi.”

“Ameshazama, mama,” Subana alisema. “Ameshazikwa.”

“Humu hatutoi nguo yenye tundu. Kesho nataka mbwa hai.”

Kesho yake mbwa akaibuka chini ya daraja, kachafuka matope, anatikisa mkia. Na hapo sheria ya chumba ikazaliwa: katika kila hadithi, kila msikilizaji ana haki ya kiraka kimoja. Anataja jambo moja tu analotaka libadilike, wala haulizwi sababu, na mtunzi analishona kabla ya kusoma tena. Kwa miaka kumi na miwili, madaftari kumi na moja, Subana hakuwahi kukataa kiraka cha mtu.

Na viraka vilisema. Mpiga Pasi, ambaye aliwacheka waliopenda na kuwazomea waliolia, kila mara aliomba kitu kilekile: “Mume aseme samahani. Neno moja tu, hata asipige magoti.” Mume awe mfalme, awe mwizi wa kuku, ilimradi aseme samahani. Binti wa Vifungo, aliyeshona vifungo na kamba za magauni ya wagonjwa, alitaka kila safari baba wa mtu awahi mahali fulani: kituoni, kanisani, mahabusu, popote, bora tu awahi. Msimamizi alifufua wanyama. Walidhani wanatengeneza hadithi, na kila mmoja alikuwa akinyoosha kidole penye tundu la nguo yake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Lakini Subana, aliyekuwa akienda nyumbani na viraka hivyo kichwani na kuvishona mbele ya taa ya mezani, aliwajua wanawake wale kuliko daktari anavyomjua mgonjwa wake.

Yeye mwenyewe alijiona yuko salama. Wahusika wake walikuwa warefu, yeye mfupi. Walikuwa marubani, malkia, wezi wa farasi, wanawake wenye matusi ya nguoni na mikono yenye nguvu. “Mimi simo humo,” alizoea kusema, na aliamini.

Jambo moja tu walimtania nalo. “Subana, hadithi zako zina mbung'o?” Mpiga Pasi alimwuliza siku moja. “Kila penye jambo, mtu kalala! Mlinzi wa malkia alilala. Shangazi wa bibi harusi alilala. Mpishi wa gereza, fofofo. Hata jogoo, shoga! Jogoo mzima umemlaza!”

“Ni mtindo wangu,” Subana alisema, akacheka pamoja nao, na jioni akafungua madaftari kuhakikisha. Ilikuwa kweli. Hakuwa ameona. Aliyafunga, akajiambia kwamba watu hulala, na hilo si ajabu.

Kila Alhamisi dada yake alikuja. Alikuwa amemzidi miaka minane, mpokea simu mstaafu wa ofisi kubwa, mwenye mgongo ulionyooka na sauti iliyokuwa haipandi wala haishuki. Wote wawili wajane, watoto wao wameshajijengea maisha, na kwa miaka sita sasa walikaa pamoja katika vyumba viwili na jiko. Alhamisi Subana alisahau miwani nyumbani, makusudi, na dada alimletea, akakaribishwa chai, akakalia robota la mablanketi, akasikiliza. Ilipofika zamu yake ya kiraka, alisema maneno yaleyale:

“Nguo iko sawa. Vaeni.”

“Dada mtu, viraka vyako vitaingia nondo!” Mpiga Pasi alimwambia. “Tugawie basi sisi wenye shida.”

“Nimeviweka,” dada alijibu. “Siku nikivaa, mtaniona.”

Siku hiyo ilikuja na daftari la kumi na mbili. Hadithi ilikuwa ya mwanamke dereva wa lori lililobeba vioo. Alipita katika nchi kavu, vioo vimesimamishwa wima nyuma ya gari, na kila kijiji alichopita kiliondoka naye: nyumba, mawingu, uso wa mtu aliyesimama njiani, vyote vilimfuata vikitetemeka ndani ya vioo mpaka kona ya barabara. Mwishowe injini ikakauka maji. Mbele yake nyumba moja tu. Akashuka, akabisha hodi. Ndani ya nyumba mlikuwa na mtoto mmoja, naye amelala. Dereva akabisha, akasubiri, kisha akaondoka kwa miguu, akaliacha lori na anga lote likiwa limeegeshwa mlangoni.

Subana alifunga daftari. Nje mashuka yalijaa upepo, yakashuka.

“Lo,” Binti wa Vifungo alisema polepole. “Baba yake yule mtoto angewahi kurudi...”

“Kiandike,” Mpiga Pasi alisema. “Mimi safari hii sijui mume nitamtoa wapi. Dereva, una mume?”

Wakacheka. Kicheko kilipotulia, dada aliweka kikombe chini.

“Mimi nina kiraka.”

Waligeuka wote. Hata msimamizi alitokeza kichwa nyuma ya foronya.

“Yule mtoto aliyelala,” dada alisema. “Muamshe.”

Subana aliitazama subana kidoleni. “Hapana,” alisema.

Kwanza walidhani anatania. “Hapana ya nini?” Mpiga Pasi alipasuka. “Mbwa kazama, kazikwa, kafanyiwa matanga, ukamfufua! Mtoto kufumbua macho tu ndiyo muujiza?”

“Hadithi itaharibika.”

“Ya kwangu uliiharibu mara ngapi ukaniwekea samahani yangu? Sheria ni sheria, mama!”

“Nimesema hapana.”

Sauti yake ilitoka kavu, na hapo wakaelewa kwamba kuna kitu, hata kama hawakijui. Dada hakubishana. Alimkabidhi miwani, akakunja kitambaa cha kikapu chake mara mbili, akaaga mmoja mmoja kwa utaratibu wake, akaondoka. Walimwona dirishani akipita katikati ya mashuka, anaonekana, haonekani, anaonekana, haonekani.

Mtambo wa mvuke ukawashwa. Subana alirudi kwenye cherehani yake, akaweka shuka chini ya sindano, na mguu wake ukakanyaga wenyewe, kwa maana yeye hakuwepo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa alasiri ya mvua, bati likiunguruma, na yeye amejilaza kwenye mkeka chumbani, uso ameuelekeza ukutani.

Wiki moja kabla ya alasiri hiyo baba yao, karani mwenye sheria nyingi, alimfukuza dada nyumbani kwa kukataa mume aliyechaguliwa. Alisema atakayemfungulia atamfuata. Dada alirudi mara moja tu, mvuani, hakuja mlangoni, alikuja dirisha la chumbani. Alitaka bahasha ya vyeti vyake vya shule, iliyokuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka kwenye mkeka. Bila vyeti hivyo chuo cha ualimu hakikumpokea, na ndiyo sababu alipokea simu za watu miaka ishirini na nane badala ya kufundisha. Baba yao alipokufa, ndugu hao walionana tena, na kabla dada hajauliza lolote Subana alisema haraka, “Siku ile nilikuwa nimelala.” Dada alimshika shavu, akamwambia, “Watoto hulala.” Hawakulizungumza tena. Juu ya maneno hayo mawili walijenga udugu wao upya, wakahamia pamoja, wakagawana sabuni na magazeti na maumivu ya magoti. Subana aliamini kwamba maneno hayo yakiondolewa, nyumba nzima itaporomoka.

Nyumbani jioni ile walizungumza habari za chumvi. Keshoye walizungumza habari za bomba linalovuja. Siku ya tatu dada alisema, akiwa anamenya vitunguu, sauti yake haipandi wala haishuki:

“Mwanangu anasema ana chumba kitupu. Ananiita nikakae naye.”

“Kwa muda gani?”

“Chumba ni chumba. Hakina saa.”

“Utaondoka lini?”

“Si Jumatatu hii, ile ijayo. Kuna gari.”

Subana alitaka kusema usiende. Alisema, “Koti lako la baridi liko chumbani kwangu.”

Alijaribu kulipa kile kiraka. Alikaa na daftari mezani, akaandika: Mtoto akaamka. Akafuta. Akaandika: Mtoto akafumbua macho. Lakini kila mtoto alipofumbua macho, hakutazama mlango, alimtazama yeye aliyeshika kalamu, akasubiri kuambiwa afanye nini. Na yeye hakujua. Siku nzima alitembea na mtoto yule, njiani, kazini, kwenye foleni ya mkate. Kulikuwa na wakati alihisi kwamba hakumtunga kamwe, kwamba mtoto huyo ndiye aliyekuwa amelala miaka yote, na yeye Subana, na cherehani, na malkia, na mbwa mweupe, wote walikuwa ndoto yake.

Alhamisi saa nne daftari halikufunguliwa. Robota la mablanketi lilikuwa tupu. Mpiga Pasi alipiga soga mbili tatu, hazikushika moto, akanywa chai yake akitazama kikombe. Baada ya kazi kuanza, msimamizi alikuja akasimama kando ya cherehani ya Subana, ameshika shuka dhidi ya mwanga kana kwamba anatafuta tundu.

“Mimi nilikuwa na mbwa,” alisema.

Subana alisimamisha mguu.

“Nilimfunga mwenyewe siku ya mafuriko, asipotee. Nikasahau kumfungua.” Aligeuza shuka upande wa pili. “Uliwahi kuhisi?”

“Nilihisi, mama. Tangu siku ya kwanza.”

“Nami nilijua kwamba umehisi. Unadhani nilikuwa naendelea kuomba kwa nini?” Alilikunja shuka, akaliweka juu ya mengine. “Dada yako amekaa hapa miaka sita hajaomba kitu. Mimi siulizi ya kwenu. Lakini kiraka ni kiraka.”

Jumapili mchana, kesho yake gari. Sanduku la dada lilikuwa wazi juu ya kitanda, nusu limejaa, na mashuka yalikuwa yamekauka kwenye kamba nyuma ya nyumba. Walitoka kuyakunja. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja: kila mtu anashika pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka likaze, mnalikung'uta, kisha mnaendeana, pembe kwa pembe. Walikuwa wamefanya hivyo tangu utotoni, na mikono yao haikuhitaji kuagizwa. Jua lilikuwa jeupe na hakuna jirani aliyekuwa nje. Nguo kwenye kamba ziliwazunguka kama kuta za nyumba isiyo na paa.

“Wewe ulidhani nataka nini kwa yule mtoto?” dada alimwuliza, kutoka ncha ya pili ya shuka.

Subana hakujifanya haelewi. “Afungue.”

“Nilisema afungue? Nilisema muamshe. Mlango auache ulivyo. Alale palepale, asinyanyue hata kidole. Ila awe macho.”

“Hiyo si mbaya zaidi?”

“Kwa nani?” Dada alilikaza shuka. “Miaka ishirini na nane nimeunganisha simu. Mtu anapiga, namuunganisha, simu inaita huko chumbani kwa watu. Inaita, inaita. Haipokelewi. Unajua anarudi kuniuliza nini? Haulizi kwa nini hapokei. Ananiuliza, ‘Yupo?’ Basi. Nikimwambia yupo ila hapokei, atatukana, atakata simu kwa nguvu, lakini najua atalala. Nikimwambia hakuna mtu ndani...” Upepo mdogo uliingia chini ya shuka, ukaliinua katikati yao, likawaficha mmoja kwa mwenziwe, kisha likashuka.

“Vyeti nilishavisamehe zamani,” dada alisema. “Ningekuwa mwalimu mbaya, sina uvumilivu. Lakini siku ile mvua ilivyokuwa inapiga, nilisimama pale dirishani nikahisi kana kwamba nyumba nzima haina mtu. Baba, wewe, kuku, wote hampo. Nikaondoka na hisia hiyo. Nimeolewa nayo, nimezaa nayo. Halafu miaka sita hii nakaa juu ya mablanketi yenu nasikia daftari baada ya daftari, watu wamelala, watu wamelala, hata jogoo. Nikaanza kujiuliza, huyu mtu anayewalaza wenzake hivi, mwenyewe alipata kulala kweli?”

Alikuja mbele na pembe zake mbili. Subana naye akaenda. Hatua moja, ya pili, ya tatu, shuka likilegea na kuning'inia katikati yao, mpaka mikono ikakutana na Subana akazishika pembe zote nne na vidole vya dada humo ndani. Hakumtazama usoni. Alitazama upindo, mshono aliouweka mwenyewe.

“Uligonga mara nne,” alisema, kwa sauti ndogo sana. “Mara ya nne uligonga kwa kucha.”